La Sivyo

Karibu kila anayeanza kujifunza kuandika programu hupitia jiwe, karatasi na mkasi. Mchezo wenyewe ameujua tangu utotoni, hauhitaji picha wala sauti, na kanuni zake ni tatu tu: jiwe huvunja mkasi, mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe. Mchezaji anaandika neno moja, kompyuta inabahatisha lake, kisha programu inatangaza mshindi. Mpwa wangu aliuandika kwa lugha ya Python kwenye simu, likizo ya Agosti, kwa nyanya yake Olenguruone, Kenya, msimu ambao ukungu wa misitu ya Mau hushuka mpaka kwenye mabati na watu hukaa jikoni hata saa saba mchana.

Aliandika masharti tisa. Ikiwa mchezaji ni jiwe na kompyuta ni jiwe, sare. Ikiwa mchezaji ni jiwe na kompyuta ni karatasi, umeshindwa. Ikiwa mchezaji ni jiwe na kompyuta ni mkasi, umeshinda. Halafu karatasi kwa mpangilio uleule, halafu mkasi. Vigeu vyake alivipa majina ya Kiswahili, jambo lililonifurahisha, na kila sharti lilikuwa sahihi. Aliponipa simu alisema, "Mjomba, inafanya kazi, lakini ni ndefu sana. Nifupishe vipi?"

Masharti tisa yanastahili heshima. Tatu mara tatu ni tisa, na mtoto aliyeyaandika yote amehesabu kila hali inayoweza kutokea bila kuruka hata moja. Hiyo ni nusu ya kazi ya yeyote anayeishi kwa taaluma hii. Programu nyingi za watu wazima wenye shahada huanguka kwa sababu kuna hali moja ambayo hakuna aliyekaa chini akaihesabu. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji katika shule za msingi na za upili, na maswali kama la mpwa wangu sasa yanaulizwa katika nyumba ambazo zamani hazikuwa na mtu wa kuyauliza. Nayachukulia kwa uzito. Anayejifunza leo kupanga masharti ya mchezo ndiye atakayeandika kesho masharti ya mkopo wa simu, ya mizani ya majani chai, ya orodha ya wakulima wanaostahili mbolea ya ruzuku.

Jibu la swali lake alilipata mwenyewe jioni hiyo. Hali tisa zimegawanyika makundi matatu: sare tatu, ushindi mara tatu, kushindwa mara tatu. Sare zote zina sura moja, kwamba maneno mawili yanalingana. Basi sharti la kwanza likawa: ikiwa chaguo la mchezaji ni sawa na la kompyuta, sare. La pili likakusanya ushindi wote kwa kuunganisha hali tatu na neno "au". La tatu halikuhitaji hata swali, kwa sababu kama si sare wala si ushindi, kumebaki nini? La sivyo, umeshindwa. Programu iliyokuwa inajaza skrini na zaidi ikawa mistari michache inayoonekana yote kwa mara moja, na mwenyewe akaipenda.

Mdogo wake akaomba kucheza. Akaandika jiwe: umeshindwa. Akaandika jiwe tena: umeshindwa. Akabadili, akaandika mkasi: umeshindwa. Kila alichoandika alishindwa, na baada ya muda akarudisha simu akisema mchezo huu ni wa wizi.

Kibodi ya simu hugeuza herufi ya kwanza ya sentensi kuwa kubwa. Mtoto alikuwa anaandika "Jiwe", na programu inalijua "jiwe" tu. Kwa mashine hayo ni maneno mawili tofauti kama Molo na Mombasa. "Jiwe" halilingani na chaguo la kompyuta, kwa hivyo si sare. Halimo katika zile hali tatu, kwa hivyo si ushindi. Likaporomoka hadi tawi la mwisho, ambako hukumu ilikuwa inalingoja. Masharti tisa ya mwanzo yasingefanya hivyo. Yangenyamaza tu, na ukimya huo ungemfanya mtu aulize kuna nini.

Mwaka 1976 Mmarekani Thomas McCabe alipendekeza njia rahisi ya kupima ugumu wa programu: hesabu maamuzi yaliyomo, ongeza moja, upate idadi ya njia zinazojitegemea ndani yake. Maamuzi tisa yaliyofuatana yanatoa njia kumi. Njia ya kumi ndiyo ya yule ambaye hakuwekwa popote, aliyekosea tahajia, aliyeandika "mawe", aliyebonyeza bila kuandika kitu. Mpwa wangu alipofupisha hakuiondoa njia ya kumi. Aliiunganisha na kushindwa. Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote la kurahisisha masharti, na ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika. Tawi la la sivyo linavutia kwa sababu linatuokoa na swali moja. Linachukua wote tusiowataja na kuwapa jibu la pamoja, na mara nyingi jibu hilo ni baya.

Tukajaribu njia nyingine. Python ina kitu ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita kamusi: kila neno linaelekezwa kwa neno lake. Jiwe: mkasi. Mkasi: karatasi. Karatasi: jiwe. Mistari mitatu, na kila mmoja unasema anayeshinda na anayeshindwa. Baada ya hapo masharti ni haya: ikiwa machaguo yanalingana, sare, ikiwa kile ambacho chaguo la mchezaji hukishinda ndicho ilichochagua kompyuta, umeshinda, la sivyo, umeshindwa. Mchezaji akiandika "Jiwe" kwa herufi kubwa, kamusi haina neno hilo, na programu inasimama papo hapo na kutoa hitilafu kwa maandishi mekundu. Wanaoanza huogopa sana hitilafu. Mimi naiona ni bora mara mia kuliko tangazo la uongo kwamba mtoto ameshindwa, kwa sababu inakiri kwamba haikuelewa.

Kuna namna fupi zaidi, na niliionyesha kwa sababu ni nzuri. Jiwe lipewe 0, karatasi 1, mkasi 2. Toa namba ya kompyuta kutoka kwa namba ya mchezaji, gawanya kwa 3, tazama baki. Baki likiwa 0 ni sare, 1 ni ushindi, 2 ni kushindwa. Karatasi dhidi ya jiwe: 1 toa 0 ni 1, ushindi. Jiwe dhidi ya mkasi: 0 toa 2 ni hasi 2, na Python ukiiuliza baki la hasi 2 kwa 3 inajibu 1, ushindi. Tisa zimekuwa hesabu moja. Alikaa akiipitia kwa vidole, hali moja baada ya nyingine, na alipofika ya tisa akacheka kwa furaha. Hesabu hiyo inafichua kitu ambacho masharti hayakionyeshi: kanuni tatu za mchezo ni mduara mmoja, kila kimoja kikikishinda kilicho nyuma yake, na hakuna mwanzo wala mwisho.

Hata hivyo nilimshauri abaki na kamusi. Hesabu ya baki ina mitego yake. Ukiipeleka kwa lugha ya JavaScript, baki la hasi 2 kwa 3 ni hasi 2 ileile, na mchezo unaharibika mpaka ukumbuke kuongeza 3 kwanza. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Mama yangu hajawahi kuandika programu maishani mwake, ila ukimsomea kamusi ile, jiwe kwa mkasi, mkasi kwa karatasi, karatasi kwa jiwe, anaweza kukuambia kama umekosea. Hesabu ya baki haiwezi kupingwa na nyanya. Programu iliyorahisishwa ni ile ambayo mtu inayemhusu anaweza kuisoma na kubisha, na kwa kipimo hicho mistari mitatu ya kamusi ni rahisi kuliko mstari mmoja wa hesabu.

Kabla ya kulala alitaka kuzuia maneno yasiyojulikana mlangoni. Akaandika: ikiwa chaguo ni "jiwe" au "karatasi" au "mkasi", endelea. Akajaribu kwa kuandika "ng'ombe". Programu ikaendelea. Mtu yeyote wa Olenguruone angeielewa sentensi ile kama alivyoikusudia, lakini Python inaisoma vingine: je, chaguo ni "jiwe"? Au "karatasi"? Swali la pili halitaji chaguo hata kidogo, na kwa Python neno lolote lenye herufi ndani yake ni kweli. Kwa hivyo jibu ni kweli daima, hata kwa ng'ombe. Mtu anaposema "au" husikilizwa na mwenzake anayejazia kilichoachwa. George Boole, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1854 kitabu chake kuhusu sheria za fikra, alifanya "na", "au" na "si" kuwa hesabu isiyojaziwa chochote, na mwaka 1937 Claude Shannon akaonyesha kwamba hesabu hiyohiyo inaweza kuendeshwa na swichi za umeme. Simu iliyokuwa mkononi mwa mtoto yule imejengwa juu ya kutojaziwa huko. Dawa yake ni kuuliza kama chaguo limo ndani ya orodha ya maneno matatu: swali moja, lililo kamili.

Mchezo wake wa pili ulikuwa wa kwake kabisa, haukutoka katika somo lolote. Una viazi Olenguruone, uvifikishe Nakuru. Barabara inapita Keringet na Molo, kuna mvua, kuna usiku, kuna lori lenye mafuta au lisilo nayo, na kuna lumbesi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, na kila mkulima wa huku anajua jinsi mnunuzi anavyopenda gunia lililopandishwa juu kwa kamba hadi likafanana na mjamzito. Katika mchezo wake ukibeba lumbesi unarudishwa.

Alikuwa ameandika masharti ndani ya masharti. Ikiwa una viazi, basi ndani yake ikiwa gunia halijazidi kilo 50, ndani yake ikiwa lori lina mafuta, ndani yake ikiwa hali ya barabara inaruhusu, umefika Nakuru. Kisha chini, zikifuatana kama watu kwenye foleni ya basi, la sivyo nne, kila moja ikiwa mbali na swali lake. Ili ujue la sivyo ya tatu inajibu nini, inabidi upande juu ukihesabu nafasi za pembeni. Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kupanga upya msimbo bila kubadili kazi yake, alishauri vikwazo vya namna hii vitolewe ndani na kuwekwa mlangoni. Ikiwa huna viazi, rudi shambani, mchezo umekwisha. Ikiwa gunia limezidi kilo 50, punguza, mchezo umekwisha. Ikiwa lori halina mafuta, mchezo umekwisha. Baada ya hapo safari yenyewe imebaki peke yake upande wa kushoto, wazi, bila kufungwa ndani ya kitu. Nilichopenda zaidi katika mabadiliko hayo ni kwamba kila anayezuiwa sasa anaambiwa sababu yake, palepale alipozuiwa.

Sharti la barabara ndilo lililomchukua muda. Dereva haendi ikiwa kunanyesha au ni usiku. Alipotaka kuligeuza, ili aandike ni lini dereva huenda, akaandika: ikiwa hainyeshi au si usiku. Lori lake likaondoka saa nane mchana katikati ya mvua kubwa, likakwama kabla ya Keringet. Augustus De Morgan, mwanahisabati aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806, ndiye ambaye kanuni inayohusika imepewa jina lake: ukikanusha "au", inageuka "na", ukikanusha "na", inageuka "au". Dereva huenda ikiwa hainyeshi na si usiku. Kanuni hiyo nimewafundisha watu wazima wanaolipwa vizuri, na naamini hakuna aliyeielewa haraka kuliko msichana huyu aliyekuwa anaona lori lake limezama kwenye tope.

Nimesema kwamba tawi la la sivyo linachukua wote tusiowataja. Olenguruone inalijua tawi hilo kwa machungu yake yenyewe, na siwezi kuandika kuhusu masharti nikiwa hapa bila kulisema.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilifungua hapa makazi ya Wakikuyu, wengi wao wakiwa wamehamishwa kutoka ardhi ya Wamaasai. Wao walielewa kwamba wanapewa ardhi hii kama fidia, hivyo ni yao, ya kulima wapendavyo na kurithisha kwa mila zao. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, na mpangaji hukaa kwa masharti: alime namna gani, apande nini, ardhi imwendee nani akifa. Walitakiwa wayakubali masharti hayo, wakakataa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto, na wanahistoria, akiwemo Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, wanakiona kiapo hicho kuwa miongoni mwa mizizi ya viapo vilivyofuata. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, na wengi wao wakapelekwa Yatta, nchi kame ya Ukambani, mbali kwa kila hali na baridi na rutuba ya Mau.

Ukiisoma historia hiyo kwa jicho la mtu anayeandika programu, unaona mti mzima wa kanuni umening'inia kwenye sharti moja la nje: ikiwa mtu huyu ni mpangaji. Maofisa walizungumzia yaliyo ndani, matuta, mazao, mirathi. Wakaazi walibishania lile la nje. Hakuna upangaji wa yaliyo ndani, hata uwe safi namna gani, ungeweza kuwajibu, kwa kuwa swali lao halikuwa mle. Hivyo ndivyo ninavyomfundisha mpwa wangu kutazama masharti yaliyofungwa ndani ya masharti: anza na la nje kabisa, uliza ni nani aliyesema ni kweli. Mtu anayeweza kulima vizuri, kulipa, kufuata kila kanuni, bado anaweza kuwa amewekwa ndani ya kisanduku asichokubali.

Na nyuma ya hao kulikuwa na wengine ambao hawakupewa hata kisanduku. Waogiek waliishi katika misitu ya Mau kabla ya mipaka yoyote ya kikoloni kuchorwa. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932, ilikuwa na hifadhi kwa kila kabila ililolitambua. Kwa watu wa msituni ilipendekeza wahamishiwe katika hifadhi za makabila ya jirani. Hawakuwa hiki wala kile, basi wakapewa jibu la wote wasiotajwa. Ilichukua hadi tarehe 26 Mei 2017 kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, kuamua kwamba Waogiek ni watu wa asili wa Mau na kwamba haki zao zilikiukwa kwa kufukuzwa msituni. Zaidi ya miaka 80 ndani ya la sivyo. Wala hawakuwa wa mwisho kuhamishwa. Mwaka 1992 na tena 2008 watu wa Olenguruone na Molo walikimbia makwao usiku, na wengine hawajarudi hadi leo. Mchezo wa simu ni kitu kidogo mbele ya hayo. Lakini mkono unaoandika "wengine wote wameshindwa" bila kuuliza ni akina nani ni mkono uleule, na mazoea yake huanza mapema.

Nikirudi kwenye kurahisisha programu, si kila sharti la ziada ni uchafu wa kuondolewa. Atakayejifunza kurahisisha na asijifunze hilo atafanya madhara. Mfano ninaoupenda ni bao la Kiswahili: safu 4 za mashimo 8, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 6 katika shimo lake liitwalo nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kando, na 22 mkononi. Kuna awamu ya namua, kete za mkononi zikiingizwa moja moja, na awamu ya mtaji. Lililo halali katika ile si lazima liwe halali katika hii. Nyumba ikiwa bado nzima ina sheria zake: mwendo wa kula ukiishia ndani yake, mchezaji ana hiari ya kusimama au kuivunja na kwenda safari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walifanya kazi ya kuiwezesha kompyuta kucheza bao, na yeyote anayejaribu kazi hiyo anakutana na msitu wa ikiwa, isipokuwa, ila kama. Mwanafunzi mwenye hamu ya usafi angesema: tuondoe hiari ya nyumba, programu itakuwa fupi. Ingekuwa fupi kweli, na mafundi wa Zanzibar na Lamu wasingeutambua mchezo. Hiari ile ndiyo mahali ambapo fundi anaonekana. Pale ndipo anapokaa akifikiri huku watazamaji wamenyamaza.

Kwa hiyo sharti linapaswa kuulizwa kabla halijakatwa. Masharti tisa ya jiwe na karatasi yalikuwa kanuni moja iliyorudiwa, na kuyapunguza hakukumpokonya mtu kitu. Hiari ya nyumba ni kanuni yenyewe. Ukiyatazama kwenye skrini yote mawili yanafanana, mistari inayoanza kwa ikiwa. Tofauti yake inajulikana kwa kuujua mchezo, wala si kwa kuujua usimbaji peke yake. Namwambia mpwa wangu ajifunze bao pia.

Siku hizi ana jambo jingine. Aliongeza kitu cha nne katika mchezo wa kwanza: moto. Moto unachoma karatasi, moto unayeyusha mkasi, jiwe linazima moto. Kwa njia yake ya zamani hiyo ingekuwa masharti 16, na angeyaandika yote kwa uvumilivu bila kuona lolote. Kwenye kamusi aliliona mara moja. Jiwe sasa linashinda viwili, mkasi na moto. Moto unashinda viwili. Karatasi inashinda jiwe peke yake, na mkasi karatasi peke yake. "Mjomba," akaniandikia, "sasa nani atachagua karatasi?"

Nikamweleza kwamba kwa vitu vinne haiwezekani kuwa na usawa, kwa kuwa kila kimoja kinakutana na vitatu, na vitatu havigawanyiki nusu kwa nusu. Vitano vinawezekana: kila kimoja kishinde viwili, kishindwe na viwili. Akachagua maji. Maji yanazima moto, maji yanamomonyoa jiwe, karatasi inanyonya maji. Mpaka hapo sawa. Ili mizani ikae, mkasi lazima ushinde maji, na hapo amekataa katakata, kwa sababu maji huleta kutu na mkasi wa nyanya umeshika kutu hivyo hivyo mbele ya macho yake. Nimempendekezea abadilishe maji kwa kitu kingine. Anasema maji yanabaki, na kwamba anayetakiwa kuondoka huenda ni mkasi.